Nondo Fupi za Msuka

Bi Rahila alipiga simu Jumatatu asubuhi, Mmanga Hafidh akiwa kakaa barazani kwake Madungu, mjini Chake Chake, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Magoti yake siku hizi hayakubali kuamka mpaka yabembelezwe. Alikuwa na miaka sitini na moja, na thelathini na tano kati ya hiyo aliimaliza juu ya ngazi na ndani ya dari za watu, akivuta nyaya za umeme.

"Fundi, friji limempiga mwanangu Yumna shoti," Bi Rahila alisema. "Alikuwa anapiga deki, hana viatu. Kashika mlango, mkono ukagandia pale pale. Kaka yake ndiye aliyembandua kwa mti wa ufagio."

"Hali yake?"

"Hospitali wamemwona, alhamdulillahi. Kiganja kimeungua. Kaja fundi mmoja hapa, katwambia tuwe twavaa ndara kila tukitaka kufungua friji."

Mmanga alifumba macho. Ndara. "Zimeni meni swichi, ile ya nyumba nzima," alisema. "Msiwashe kitu mpaka mie nifike."

Kutoka Chake Chake mpaka kijijini Msuka kwa kina Bi Rahila, kwa pikipiki yake ile kuukuu, ni safari ya kumaliza mgongo. Alifika karibu na adhuhuri. Yumna alikuwa kalala ukumbini, mkono umefungwa bendeji, akamsalimia kwa sauti ya chini. Mmanga alilivuta friji kutoka ukutani, akaona mara moja: panya walikuwa wameutafuna waya wa nyuma, shaba imebaki wazi na imegusa bati. Hilo halikumshangaza, panya wako kila nyumba. Kilichomsumbua ni kwamba umeme ulipovuja kwenye bati ulikosa pa kwenda. Ulitakiwa ushuke kwa waya wa ethi, ule wa kijani na njano, uingie ardhini. Badala yake ulikaa palepale kwenye mlango, ukamngoja mtu asiye na viatu.

Akatoka nje, akaufuata ule waya mpaka pembe ya nyumba, akapiga magoti na kuchimba kwa mikono. Nondo ya ethi, ile inayoupeleka umeme chini, ilitakiwa iwe imezama mita moja na nusu. Aliishika, akaivuta kidogo tu, ikang'oka kama muhogo. Haikufika urefu wa mkono wake.

Akabaki ameishika. Bi Rahila alikuwa amesimama nyuma yake.

"Nani aliyeiweka hivyo?"

"Mie," Mmanga alisema.

Ilikuwa miaka kumi na tisa nyuma, umeme ulipoingia upande ule wa kijiji. Watu wote walitaka taa kabla ya Idi. Yeye alikuwa fundi peke yake, na ardhi ile ni maweni, jiwe tupu. Ukipiga nyundo, nondo inakurudia usoni. Siku ya tatu alichoka. Akazikata nondo kwa msumeno, akapigilia vipande, akafukia kwa udongo. Taa zikawaka, watu wakamshukuru na kumwombea dua. Ethi mbovu haionekani, maana nyumba inawaka vile vile, na redio inaimba vile vile.

"Ulijua?" Bi Rahila aliuliza.

"Nilijua, Bi Rahila. Nilisema nitarudi kuzitengeneza. Sikurudi."

Yule mama hakupaza sauti, na Mmanga angeona nafuu kama angepaza. "Na nyumba nyingine?" aliuliza.

"Kumi na moja, pamoja na hii."

"Basi mwanangu si wa kwanza kupigwa. Ni wa kwanza tu tuliyemsikia."

Mmanga alizunguka nyumba akitafuta udongo wa kina wa kuzamisha nondo, akaupata nyuma ya jiko, kwenye migomba inayonyweshwa maji ya kuoshea vyombo. Kesho yake alirudi na nondo mbili nzima. Akazizamisha pale penye unyevu, akachimba mfereji mpaka kwenye nyumba na kulaza waya mpya. Akabadilisha waya wa friji, akafunga na swichi inayokata umeme yenyewe ukivuja. Alipopima, kipimo kikatulia pale alipopataka. Bi Rahila alimletea chai, akaiweka mbele yake, akaondoka bila kukaa naye.

Kuanzia hapo akawa anapanda Msuka kila alipoweza. Kila mlango alibisha hodi, akasalimia, akasema maneno yale yale: nilifanya kazi mbaya hapa, nimekuja kuitengeneza, sidai kitu. Alidhani ukweli ungezidi kuwa mwepesi kila akiurudia. Haukuwa mwepesi. Wengine walimkaribisha. Wengine walimsikiliza huku wanaanua karafuu majamvini, wakamwonyesha ukuta kwa kidole bila kuinuka.

Bwana Saud, mmoja wa wenye nyumba hizo, alimkatalia kabisa. "Miaka kumi na tisa hatujafa," alisema, "leo waja kunichimbulia uwanja wangu?"

"Pampu yako ya kisimani ina bati, Bwana Saud. Niruhusu niipime tu."

"Nimesema sitaki."

Mmanga hakuwa na nguvu za kubishana. Aliketi ukingoni mwa baraza, akanyoosha mguu mmoja, kisha wa pili. Ndipo mke wa Saud, Bi Samah, akatoka ndani akijifuta mikono. "Hiyo pampu hunitekenya vidole kila nikiigusa," alimwambia mumewe. "Nikikwambia, wasema ni baridi ya asubuhi. Mwache apime."

Kipimo kilipoonyesha umeme unavuja, Saud alikitazama, akamtazama mkewe, kisha akaenda mwenyewe kuchukua sururu. Walichimba wawili mpaka alasiri.

Habari zikatangulia mbele yake. Huko Madungu watu waliojenga nyumba mpya wakaanza kuwaita mafundi wengine, na hakuwalaumu. Usiku mkewe, Bi Mwatum, alimchua magoti kwa mafuta ya nazi. "Zimebaki ngapi?" alimuuliza. Akamtajia. Mkewe hakumwambia apumzike. Alimjua.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya marehemu Mzee Jabir, na sasa alikaa humo bintiye, Shamima. Mmanga alifika asubuhi, akaeleza yale aliyoyazoea kueleza, akaenda pembeni mwa nyumba na kupiga magoti. Alichimba, akaishika nondo, akavuta. Haikutikisika. Akachimba zaidi, akavuta kwa mikono miwili, na bado. Akapima, kipimo kikaonyesha ethi nzuri.

Hapo palikuwa na ufa katika jiwe, umejaa udongo mwekundu. Nondo ilikuwa imeteremka yote, na yeye alikuwa amesahau. Kwa hiyo hata mwaka ule, mahali ardhi ilipomruhusu, alifanya kazi sawasawa. Alitafuta moyoni kama jambo hilo linampa furaha, akakuta uchovu tu, umemjaa mpaka kwenye vidole.

"Vipi, fundi?" Shamima aliuliza kutoka mlangoni. "Ni mbovu?"

"Hii nzima," Mmanga alisema. "Ni ya kufukia tu."

"Ngoja nikuletee chai."

"Maji yatatosha, mwanangu."

Alikunywa akiwa bado amekaa chini, mgongo ukutani. Halafu akamwomba Shamima ampe mkono, ainuke.