Kozi Iliyosalimia Mno

Nilisoma masomo ya jioni kwa muda ambao mtu mwingine angejenga ghorofa, akahamia, likachakaa, akalibomoa. Mchana nauza misumari na bati dukani kwangu hapa Sumbawanga, jioni naingia darasani na vumbi la saruji kwenye nyusi, mpaka mwalimu wa historia akawa ananiita mzee hali sijaota hata kitambi. Kidato cha nne nilikipata hivyo, cha sita hivyo, na shahada yenyewe nikaisomea kwenye simu, nimekalia mifuko ya saruji. Kwa hiyo chuo kilipotafuta watu wa kujitolea kukagua kozi zake za mtandaoni, na kikataka angalau mmoja awe amewahi kusoma kwa njia hiyo, nilijiandikisha kwa kasi ya radi ya huku kwetu Ufipa. Malipo yalikuwa chai. Siku nyingine hata maziwa hayakuwemo.

Kazi si ngumu kuieleza. Wakaguzi watatu wanaingia kwenye kozi kabla haijafunguliwa, kila mmoja kwa wakati wake, wanaipitia kama wanafunzi. Je, malengo yanaeleweka? Mazoezi yanapima kile kilichofundishwa? Masomo yanafunguka kwenye simu ya mtu wa kawaida? Na kubwa kuliko yote: mtu akifungua kozi mara ya kwanza, anajua aanzie wapi? Kwenye vigezo vikubwa kama hicho, wawili kati ya watatu wakisema hakijafikiwa, kozi inarudi kwa mwalimu aliyeitunga airekebishe. Asipowahi kabla ya muhula, inasubiri mwaka mwingine. Juu ya yote hayo kuna sheria moja, tuliyokaririshwa mpaka nikawa naiota: tunakagua kozi, hatumkagui mwalimu.

Basi nikapangiwa kozi ya uhifadhi wa vyakula, na hapo ndipo roho yangu ilipoanza kucheza ngoma.

Dada yangu mkubwa yuko Kirando, kule chini ziwani, anakausha dagaa. Ndiye aliyenilea. Alifaulu darasa la saba, lakini mama alipofariki akaweka daftari chini akashika mwiko, na dagaa wake ndio walionipeleka shule ya msingi na kunirudisha. Juzi juzi, watoto wake wamekua, akakaa kwenye mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapasi, akapata nafasi ya kusomea cheti cha uhifadhi wa vyakula. Kozi ya kwanza, ambayo bila hiyo huendi popote, ndiyo hiyo niliyopewa mimi. Mvua za masika zinapokuja dagaa wake wanaoza juu ya chanja huku anawatazama, na alikuwa amechoka kutazama.

Niliwaambia wenzangu siku ya kwanza kabisa, "Jamani, dada yangu anaisubiri kozi hii. Kama mnaona nisikague, semeni."

Mwenzangu mmoja ni mwalimu mstaafu, mama wa kijiji cha Kaengesa, aliyefundisha nusu ya uwanda huu kusoma na nusu nyingine kunyamaza. Akanitazama juu ya miwani. "Kagua. Ila uwe mkali kuliko sisi."

Jumamosi moja baada ya misa ya asubuhi nikakaa jikoni, maana upepo wa Juni huku kwetu ukikukuta nje unaweza kukunyoa ndevu bila sabuni. Nikanunua bando la kiasi, lile ambalo dada yangu angeweza kulinunua, nikafungua kozi.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa video, basi. Nikaibonyeza. Akatokea mhadhiri, binti wa huku huku uwandani, amevaa kitenge kizuri. Akainama kidogo, akapiga makofi yale yetu ya taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, akaanza kusalimia. Habari za nyumbani. Habari za watoto. Habari za mvua, za mahindi, za ulezi, za ng'ombe. Vipi wagonjwa? Vipi walioko safarini, wamefika? Nawaambieni ukweli, mimi ambaye nimeshinda miaka na simu mkononi, nilijikuta nimeshuka kwenye kigoda, nimechuchumaa, napiga makofi kuitikia, kama adabu ya kwetu inavyotaka.

"Salama tu," nikasema. "Mahindi yamekubali. Ng'ombe mmoja anachechemea."

Mke wangu akageuka kutoka motoni na mwiko wa ugali hewani. "Baba watoto, unaongea na nani?"

"Mhadhiri."

"Anakusikia?"

"Hapana."

"Basi nyanyuka, ugali unapoa."

Nikanyanyuka. Mhadhiri alikuwa bado anasalimia. Alikuwa amefika kwa wajomba. Ninyi mnaonijua mnajua naongeza chumvi, lakini hapa chumvi ninapunguza: nilikula, nikanawa, nikarudi, akawa ndiyo kwanza anawaulizia majirani. Halafu video ikasimama, duara likazunguka, likazunguka, likazimika. Bando limekwisha. Kuhusu kuhifadhi chakula sikuwa nimesikia hata neno moja.

Nikanunua bando jingine nikaruka kwenda wiki ya pili. Salamu tena, na safari hii anauliza kama wale wagonjwa wa wiki iliyopita wamepata nafuu. Wiki ya tatu, hivyo hivyo. Na baada ya salamu, ndugu zangu, somo lenyewe lilikuwa tamu kama togwa! Alieleza kwa nini dagaa aliyekauka nje anaoza ndani, akaeleza jinsi ya kutengeneza kaushio la jua kwa mbao na nailoni, vitu ambavyo dukani kwangu vipo. Nikamwona dada yangu akilitengeneza. Nikamwona pia akikwama kwa wajomba, bando limekufa, anaifunga simu na kusema chuo si cha watu kama yeye.

Jumamosi iliyofuata tukakutana wakaguzi watatu, chai mezani, kulinganisha majibu. Mwenzetu wa tatu ni kijana wa Mbeya, mtaalamu wa kompyuta kwenye ofisi ya serikali hapa mjini. Ana huruma nyingi na ulimi usio na breki.

"Mimi makaribisho nimeyapa alama zote," akasema mwalimu mstaafu. "Mtoto huyu amelelewa."

"Mama, kwa heshima zote," akasema kijana, "mimi ningezifuta salamu zote. Futa, futa, futa. Mwanafunzi hajui aanzie wapi."

"Wewe ukiingia nyumbani kwa mtu unaanza kwa kuuliza choo kiko wapi?"

"Nikiwa nimebanwa, ndiyo, mama."

"Ndiyo maana mkihamia huku radi zinawatafuta."

"Kwani radi nayo huku inasalimia kwanza?"

Mama akacheka mpaka akavua miwani. Kisha wote wawili wakanigeukia. Mmoja ndiyo, mmoja hapana. Kura yangu ndiyo ilikuwa kura.

Nikainua kikombe nikanywa, kumbe chai ilikuwa imeshakwisha. Nikisema kigezo kimefikiwa, kozi inafunguliwa na dada yangu anaingia darasani muhula huu. Nikisema hakijafikiwa, inarudi, na zilikuwa zimebaki wiki chache. Mhadhiri akikasirika, au akiugua, au mtandao ukilala kama unavyopenda kulala mvua ikinyesha, dada anasubiri mwaka. Na mtu wa umri wake akiambiwa asubiri mwaka, huwa anasikia asubiri milele.

"Hakijafikiwa," nikasema.

Kijana hakushangilia. Mama akanisukumia sahani ya vitumbua. "Andika wewe maoni," akasema. "Mwandikie kama ungependa uandikiwe."

Kuandika maoni ndio moyo wa kazi hii. Huandiki "mbaya". Unaandika kilichokupata wewe mwanafunzi, kisha unapendekeza dawa. Nikaandika kwamba salamu zake zilinichuchumaza jikoni kwangu, kwamba sijawahi kukaribishwa chuoni vile, na kwamba bando langu lilikufa mikononi mwa wajomba kabla sijajua nimekuja kusoma nini. Nikaomba ukurasa mfupi wa maneno matupu: kozi hii ni ya nini, anzia hapa, wiki hii fanya hiki.

Jioni ile nikampigia dada.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Ile kozi imefunguliwa?"

"Imerudishwa irekebishwe."

"Na nani?"

"Na wakaguzi."

"Wakaguzi ni akina nani?"

"Tuko watatu."

Upepo wa ziwa ukavuma kwenye simu. "Nilikulisha dagaa mpaka ukaanza kunuka dagaa," akasema taratibu. "Na bado unanirudishia kozi."

Nikamweleza. Nikamwambia jinsi bando langu lilivyokufa, mimi mwenye duka.

"Langu lingefia wapi?"

"Kwenye mvua. Hata kwa ng'ombe usingefika."

Akaguna, mguno ambao kwa jirani ungesikika kama hasira, lakini mimi nimelelewa nao. "Haya. Mwambieni aharakishe. Mimi mvua hazinisubiri."

Siku mbili zikapita bila mhadhiri kujibu. Ya tatu simu ikaita niko dukani napima nondo. Sauti niliijua mara moja, niliwahi kuichuchumalia.

"Wewe ndiye unayetaka nifundishe watu nisiowasalimia?"

"Hapana, mwalimu, mimi..."

"Unawajua wanafunzi wangu? Mtu yuko Mpui, peke yake na simu, jembe liko mlangoni. Hajawahi kuingia chuo. Nikimwanzia na malengo ya kozi, si ataona amesimama kwenye dirisha la ofisi? Mimi nataka ajue amefika nyumbani kwa mtu."

Mteja wa nondo akawa ananitazama. Ningeweza kumjibu mhadhiri kwa vigezo, nilivikariri vyote. Lakini kilichonitoka ni kile kilichokuwa kinanikereketa tangu jikoni.

"Mwalimu, uliniuliza habari za nyumbani, nikakujibu. Nilikwambia ng'ombe anachechemea. Hukunisikia. Ukaendelea na wajomba."

Nikampa mteja wa nondo ishara asubiri.

"Kwetu salamu huitikiwa," nikasema. "Mmoja anauliza, mwingine anajibu, anauliza naye. Ile ya kwako inakwenda upande mmoja tu. Hata huyo wa Mpui atachuchumaa kama mimi, atapiga makofi, kisha ataona hakuna mtu."

Nikasikia mhadhiri anacheka, kicheko cha mtu aliyepatikana. "Huyo ng'ombe," akasema, "amepona?"

"Anaendelea vizuri, mwalimu. Asante kwa kuuliza."

"Hapo umenishika. Nipe wiki moja."

Alichofanya ni hiki. Ukurasa wa kwanza ukawa maandishi mafupi, mepesi kama karatasi ya kufungia karanga, yanayosema uko wapi na uanzie wapi. Salamu akaihamishia kwenye uwanja wa mazungumzo, mahali ambapo wanafunzi wanaandikiana, na akaifanya kazi ya kwanza ya kozi: msalimie mwenzako, mjibu aliyekusalimia, mwambie kwenu mnahifadhi nini na kinaharibika vipi. Video za masomo zikabaki, bila wajomba, na kila moja ikapata nakala ya sauti tupu kwa wenye bando dogo. Hizo za sauti alizikata kijana wa Mbeya. Hakuna aliyemwomba. Alishinda Jumapili nzima ofisini akinung'unika kwamba Wafipa watammaliza kwa adabu, na alipomaliza akawa anapiga makofi ya salamu kila akiingia mlangoni. Mpaka leo anayakosea.

Tulipokagua mara ya pili, mwalimu mstaafu alifungua kozi kwenye simu yake ndogo yenye kioo chenye ufa. Akasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti, kama anavyosoma somo kanisani. Akaingia kwenye mazungumzo, akamkuta mhadhiri amesalimia kwa mstari mmoja. Akajibu. Kabla hatujamaliza chai, mhadhiri akawa amemjibu na kumuuliza vipi Kaengesa.

"Hii sasa ni salamu," akasema mama, akaweka alama. Sisi wawili tukaweka zetu. Kozi ikapita, wiki moja kabla ya muhula.

Siku ya kufungua, ruhusa yangu ya kuingia ilikuwa imeshafungwa. Mkaguzi akimaliza anatolewa nje kama fundi aliyekwisha kuezeka. Nikavumilia mpaka saa nne asubuhi, uvumilivu ambao Ufipa haijawahi kuuona, kisha nikapiga Kirando.

"Shikamoo dada. Umeingia?"

"Niko ndani. Nimekaa kando ya chanja."

"Umejua uanzie wapi?"

"Si wameandika? Kwani mimi sijui kusoma?" Kisha sauti ikalegea. "Nimewasalimia. Nimesema natoka Kirando, nahifadhi dagaa, mvua ndiyo adui yangu. Kuna mama wa Mpui amenijibu. Mahindi yake yanaliwa na dumuzi. Anauliza dagaa wangu nawaanika juu ya mchanga au juu ya chanja. Na mwalimu naye ameuliza."

"Ameuliza nini?"

"Habari za nyumbani." Nikamsikia akivuta pumzi. "Wewe mtoto, kata simu. Watu wananisubiri niwajibu."