Mkutano wa "jeshi litoke" Kabambare ulipozimiwa sauti, na kilichofuata

Wakuu, heshima kwenu. Niko Kasongo, Maniema, upande wa Kongo. Humu huwa nasoma tu na kucheka peke yangu. Lakini nimeona mnavyorushiana maneno kuhusu majeshi kuondoka vitani au kubaki, nikashindwa kukaa kimya.

Anayedhani hii ni chai, hadithi ya kutunga, apite tu. Nilikuwepo, tena jukwaani kabisa, kwa sababu spika zilikuwa zangu.

Kazi yangu ni kukodisha sono. Spika, maiki na jenereta. Harusi, mahubiri, Maulidi, kampeni, anayeniita nakwenda. Sina chama, nina spika.

Kwa hiyo hotuba nimezisikia mpaka nimezikinai. Huyu anakuja anasema jeshi ni ngao yetu, anashangiliwa. Mwingine anakuja anasema jeshi ni mzigo wetu, anashangiliwa na watu walewale. Mimi huwa nasikiliza kama sauti inakwaruza, basi. Maneno siyafuatilii.

Sasa, kuna kijiji kimoja huko Kabambare, mbele ya mji mdogo wa Wamaza, jina nalihifadhi. Juu ya kilima chao kuna kambi ya askari, iliwekwa wakati watu wenye silaha walipokuwa wanatoka porini na kuvamia. Tangu kambi iwepo, watu wamerudi kulima mashamba ya mbali.

Lakini askari haohao wameweka barie, yaani kizuizi, njiani. Ukipita na baiskeli unaacha kitu, mihogo, kuku, chochote. Ndiyo maana kijiji kimegawanyika. Hata ndani ya nyumba moja utakuta mume anasema waende, mke anasema wabaki, na wote wawili wana haki.

Mheshimiwa mmoja, jina kapuni, akaona hapo pana kura. Akaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule, nikafunga mitambo kwenye pikipiki, tukaenda.

Jamaa anajua kuongea, nisimnyime haki yake. "Jeshi!" Watu: "Litoke!" "Jeshi!" "Litoke!" Spika zangu zilikuwa zinatetemeka. Nyuma kabisa ya umati, kwenye ukuta wa shule, kapteni wa kambi na askari wake kadhaa wamesimama, wametulia tuli.

Kisha mheshimiwa akampandisha jukwaani Mama Sifa.

Huyu mama ni mkulima wa palepale. Kijana wake alikuwa anabeba mafuta ya mawese kwa baiskeli, akapigwa risasi pale barie, akafa. Kambi ilisema risasi ilitoka kwa bahati mbaya. Nani aliipiga, mama hakuambiwa. Alipanda kilimani mara kwa mara kuuliza, anarudishwa na pole.

Mheshimiwa alimtaka aseme neno moja tu: watoke. Akamkumbatia, akampa maiki.

Mama akaishika maiki mbali na mdomo kama mtu anayeogopa itamuunguza. Nikamsogezea. Akasema:

"Miye sikusoma. Huyu mukubwa ananiambia niseme waende. Lakini mwenye aliua mutoto yangu iko pale katikati yao. Wakienda, ataenda nao. Nitamutafuta wapi? Kinshasa?"



Akaendelea: "Asiende mutu hapa kabla sijajua jina. Mukisha kunipa jina, mutabishana yenu ya kwenda na ya kubaki."

Mtu wa itifaki wa mheshimiwa akaruka, akachomoa waya. Sauti ikakata. Mheshimiwa akatabasamu, "matatizo ya kiufundi, ndugu zangu." Mitambo yangu haikuwa na tatizo lolote, nawaambia.

Nikajua imeisha. Nani atamsikia mama mwenye sauti ndogo vile, mbele ya umati ule?

Wa nyuma wakaanza kupiga kelele: "Amesema nini? Amesema nini?"

Basi watu wa mbele wakageuka. Wakawaambia walio nyuma yao: "Anauliza jina." Na wale wakageuka, wakawaambia wa nyuma yao. Wengine kwa Kiswahili, wengine kwa Kibangubangu, lugha ya kwao. Mimi nilikuwa juu, nikaona vichwa vinageuka safu kwa safu, neno linatembea mpaka ukutani kwa askari.

Miaka yote nauza sauti, sijawahi kuona sauti namna ile.

Likafika ukutani.

Sijui nani kati ya askari alifungua mdomo. Mpaka leo hajulikani. Nilichoona ni watu wa safu ya mwisho wanageuka tena, safari hii wanatutazama sisi wa mbele. Hawakupiga kelele. Kila mtu alimwambia wa mbele yake, polepole, kama anabeba kitu kilichojaa pomoni.

Lilikuwa jina.

Mwanamke wa safu ya kwanza akamshika Mama Sifa mkono, akamtamkia. Mama akamwambia, "Rudia." Akarudia. Mama akalisema mwenyewe mara moja, akakaa chini pale pale jukwaani.

Kule nyuma kapteni alimgeukia askari mmoja aliyekuwa pembeni yake, akanyoosha mkono. Yule akampa bunduki bila ubishi. Wakaondoka naye, watu wakawapisha njia. Hakuna aliyerusha hata jiwe. Na hao ndio watu waliokuwa wanapiga kelele "litoke" muda mfupi nyuma!

Mheshimiwa aliniambia nirudishe sauti. Nikairudisha. Akashika maiki, kisha akanirudishia mkononi.

Kwa sasa yule askari ameletwa mjini na kesi inaendelea. Kambi bado ipo, barie bado ipo, na ubishi uko palepale. Sidanganyi kwamba siku ile ilimaliza vita.

Nilipokuwa nakunja waya, Mama Sifa alinijia. Nikamwomba radhi kwa sauti kukatwa. Akanitazama, akasema:

"Apana, baba. Mashini yako ingewaka, wote wangesikia tu. Leo kila mutu amesema ile jina kwa kinywa yake. Nani atakana?"

Nilichojifunza: sisi tunabishana jeshi litoke au libaki, na mheshimiwa anatupangia swali. Kumbe mwenye kidonda ana swali lake, na hajaulizwa.

Haya, uwanja ni wenu. Wa "litoke" semeni, wa "libaki" semeni. Ila mtu akisema hajasikia vizuri, aliye mbele yake amrudishie.