Uliza Kwanza, Uombe Baadaye

Darasa langu la kwanza la kuwafunza wauguzi afya ya akili lilikuwa chumba cha chanjo cha zahanati moja mtaani Huruma, tisa kati yao wakiwa wamekalia viti vya watoto. Nikajifanya mgonjwa. Nilimwambia mkubwa wao, mama mwenye sauti ya kuongoza kwaya: "Sista, nimechoka na maisha."

"Pepo, shindwe!" akanguruma, mkono tayari uko utosini mwangu.

Aliombea ukoo wangu, nyumba yangu, hata mume ambaye sina. Alipomaliza nikasema "Amina," nikachukua mkoba, nikatoka. Nikiwa koridoni niliwasikia wakipiga makofi.

Nikarudi. "Mgonjwa yuko wapi?"

"Ameenda nyumbani, mwalimu. Amepona!"

"Ameenda na mawazo yake yote. Mmemfunga mdomo kwa amina."

Nikawaeleza polepole: kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Kunampa nafasi ya kulitua. Basi tukafanya mazoezi. Mmoja akajikaza: "Unafikiria... ile kitu?"

"Ile kitu gani?" mwenzake akamchokoza. "Kuhamia mtaa wa Lucky Summer?"

Tulicheka mpaka machozi, kisha wakalisema neno lenyewe, mmoja mmoja, hadi likaacha kuwakwama kooni.

Wiki iliyofuata nilikaa pembeni nikiwatazama kazini. Akaja mzee mchonga vinyago, Mkamba mpole, kubadilishwa bendeji ya mkono. Mama wa kwaya alipompa kadi ya kurudi Alhamisi, mzee akairudisha. "Sitaihitaji, sista. Hata patasi zangu nimeshamgawia jirani."

Nikauona ule mkono ukipaa kuelekea utosini. Ukasita hewani. Ukashuka begani.

"Baba, unafikiria kujiua?"

Nilitamani kudakia, nikajiuma ulimi.

"Tangu Jumapili," mzee akasema. "Hakuna mtu ameniuliza."

Mama akavuta kiti cha mtoto, akakikalia jinsi alivyoweza, akasikiliza. Hakumwacha peke yake hata dakika moja, mpaka binti wa mzee alipofika na daktari wa afya ya akili akamwona.

Wakiondoka, mzee aligeuka. "Kwani leo huombi?"

"Nitaomba, baba. Lakini amina utakuja kuisema hapa Alhamisi."

Alhamisi alikuja na binti yake. Akaisema amina kabla hajaketi, haraka, kama mtu anayejua maombi ya huyo mama huchukua muda gani.