Geuza Kiroba Kwanza

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika nyundo wala jiwe. Nilifika asubuhi kwenye kambi ya watafuta madini karibu na Runzewe, nimevaa gauni langu la kanisani, maana nilikuwa nimeambiwa ni kazi ya maabara. Msimamizi wa Sampuli, mwanaume mrefu asiyecheka ovyo, akanionyesha rundo la viroba vitupu. "Geuza," akasema. Nikamwambia kwa adabu kwamba nimekuja kuanza kazi. "Ndiyo kazi yenyewe, Mama Sayi. Geuza ndani iwe nje, pigapiga kwenye jiwe, kung'uta, halafu geuza tena. Ukimaliza vyote njoo nikuonyeshe choo kilipo." Gauni lile halikurudi kanisani.

Niwaeleze ninyi vijana mnaosoma haya, maana siku hizi kila mtu anasema anajua dhahabu. Sampuli ni mawe machache yanayosema kwa niaba ya mwamba mzima. Huwezi kuumega mlima wote ili ujue una nini tumboni, kwa hiyo unachukua kidogo kwa utaratibu, unasaga, unapima. Sasa, kama ndani ya kiroba kulikuwa na vumbi la dhahabu kabla jiwe halijaingia, kipimo kitasema mwamba ni tajiri, na mtu atauza ng'ombe wake anunue shimo la mawe matupu. Hilo tuliliita kupandikiza. Nimeona dhahabu ikipandikizwa kwa majivu ya sigara, kwa taulo la kufutia jasho, na kwa kucha ndefu za mtu anayejidai anasaidia kubeba. "Kiroba cha mtu usikiamini," Msimamizi alikuwa akituambia, "hata kama ni cha mama yako." Mama yangu alikuwa anauza dagaa, lakini nilimwelewa.

Mimi chuo sikukiona. Nilimaliza la saba nikaolewa, nikafiwa na mume mapema, na yote ninayoyajua nilifundishwa na Msimamizi nikiwa nimechuchumaa chini. Alinifundisha kugawa robo: unga wa jiwe unaumwaga uwe kichuguu, unausawazisha, unaukata sehemu nne kama ugali wa watu wanne, unachukua mbili zinazotazamana na nyingine unaziacha. Alinifundisha kuosha unga kwenye karai, kuzungusha maji taratibu mpaka uchafu uondoke na dhahabu ibaki nyuma ikiwa mstari mwembamba wa njano. Mstari huo tunauita mkia. Mkia haudanganyi, alisema, anayedanganya ni binadamu.

Somo hilo lilinikaa vibaya. Nilianza kuwatazama watu mikono kabla ya nyuso. Tulipohamishiwa upande wa Buzwagi, wakati huo bado pori na mashamba ya mpunga, mzee mmoja mwenyeji alikuja kutusabahi akiwa na wakwe zake. Akanyoosha mkono kushika jiwe. Nikamwambia anawe kwanza. Mbele ya wakwe zake. Mzee wa watu akanawa, na maji yakatoka na tumbaku tu. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa kijiji kile aliyetuuzia maziwa.

"Umefanya sawa," Msimamizi aliniambia, "ila umesema vibaya."

"Sasa ningesemaje, Mzee?"

"Sijui. Mimi mwenyewe miaka yote nimekosa namna ya kulisema hilo."

Lile jibu nililibeba. Kwetu huku, mtu anaweza kukusamehe ukimwibia mbuzi, lakini ukimshuku mtu mzima waziwazi, umemvua nguo. Na kazi yetu ilikuwa kushuku. Ndiyo maana wenye kazi hii huwa hatuna marafiki wengi, nami nilikuwa na mmoja, naye ndiye Msimamizi. Mume wa mtu hufa, nduguze hutawanyika; yeye alinisomeshea mtoto wangu Sayi muhula mzima bila mimi kuomba. Katika dunia nzima ya viroba, yeye peke yake sikumgeuza.

Baadaye Mkuu wa Chuo kimoja cha madini mjini Shinyanga alinichukua niwaonyeshe wanafunzi kazi za mikono. Nilikwenda kwa sababu ya mshahara, lakini chuo chenyewe nilikitilia shaka tangu getini. Niliona wazazi wanauza ng'ombe wa kulimia ili mtoto akae darasani. Mtoto akirudi likizo, anazungusha funguo kidoleni na kila sentensi anaianza na "kimsingi." Nikajiuliza, huyu amepata nini ambacho ng'ombe hakuwa nacho?

Aliyenikera zaidi ni Mkufunzi wa Darasani, kijana wa juzi. Alikuja nyumbani kwangu Ngokolo akaomba baadhi ya mawe meupe niliyozungushia maua uani. Aliyataka kwa sababu hayana dhahabu hata chembe. Hilo lilikuwa kweli. Nani wa kanda hii ataweka jiwe jeupe uani bila kusaga kwanza kipande chake na kukiosha? Akawafundisha wanafunzi kwamba kila wanapopeleka sampuli, watie katikati yake jiwe moja lisilo na kitu, lipite njia ileile, na anayepima asijue ni lipi. Waliliita sampuli tupu. Tupu ikitoa dhahabu, basi kuna mahali mambo yameharibika. Mimi niliona ni kuchosha mikono kwa jiwe la maua, nikawaambia wanafunzi hivyohivyo: geuzeni viroba, hayo mengine ni mbwembwe za ubaoni.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. Minza, mtoto wa mkulima wa Segese, aliyesomeshwa kwa ng'ombe wa kulimia. "Madam, nikigeuza kiroba cha mtu, ninamshuku yeye. Lile jiwe halimshuku mtu mmoja. Linatushuku sote, hata mimi." Darasa likacheka. Nami nikamwona mjanja wa maneno, na tangu hapo nikawa nikimtazama mikono.

Nilipostaafu, kilichobaki mkononi ni nyumba ile ya Ngokolo. Kabla sijazoea kukaa bure, Msimamizi akatokea. Amezeeka, mvi tupu, lakini kimo ni kilekile. Alikuwa na duara Segese, yaani shimo la wachimbaji wadogo, na alitaka mbia. "Sitaki mgeni," akasema. "Nakutaka wewe. Uza nyumba, uingie nusu kwa nusu. Njoo uchukue sampuli mwenyewe, usiamini maneno yangu." Mtu anayekwambia usimwamini, utaachaje kumwamini? Mnunuzi wa nyumba nikampata wiki hiyohiyo, tukakubaliana nimpe jibu nikirudi.

Magoti yangu hayashuki tena shimoni. Nikampigia Minza, ambaye siku hizo alikuwa anafanya kazi ya sampuli Kahama, anisaidie. Alilala kwangu. Asubuhi nikamwona dirishani ameinama kwenye maua yangu, akatia kitu mkobani. Nikajua anaiba mche wa waridi. Safari nzima niliuangalia ule mkoba.

Segese tulipokelewa vizuri, chai na mihogo. Msimamizi alituletea viroba vimekunjwa safi. "Hivi hapa, msihangaike."

Minza akaninong'oneza, "Madam, tuvigeuze?"

Nikamvuta pembeni. "Wewe mtoto una akili? Utageuza kiroba cha mtu aliyenifundisha mimi kugeuza, na vijana wake wanatazama?"

"Basi, Madam."

Lile "basi" lilikuja upesi mno. Moyoni nikasema, huyu ametumwa. Mabosi wake wa Kahama wanalitaka hili duara, anatafuta namna ya kuniharibia. Mwenye kazi ya kushuku huwa hakosi wa kumshuku, na siku hiyo nilimchagua yeye.

Akashuka na mchimbaji mmoja, akapandisha viroba vitano vimefungwa. Mawe yalipondwa kwenye kinu kilichooshwa kila mara, pale kwenye mwalo, sehemu ya kuoshea, mchana kweupe na watu wamezunguka. Kuosha niliosha mimi, kila kiroba na karai lake. Karai nalijua kuliko kijiko. Kiroba cha kwanza, mkia. Cha pili, mkia. Cha tatu mkia mzuri kuliko vyote, vijana wakaguna kwa furaha. Cha nne na cha tano vilevile. Nilisikia machozi yananilenga. Nilijiona nikimpigia yule mnunuzi simu hapohapo nikimwambia alete fedha achukue nyumba.

Minza akapiga goti mbele ya Msimamizi, kama mtoto wa Kisukuma anavyopaswa. "Mzee, shikamoo tena."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu."

"Naomba radhi, hakuna ninayemshuku hapa. Chuoni tumezoeshwa hivyo, kila kazi iwe na jiwe moja tupu, hata lingekuwa duara la baba yangu. Kiroba cha tatu hakikuwa na mawe ya hapa. Ni jiwe la uani kwa Madam. Nililivunja kulekule chini."

Niliinama nikautazama ule mkia uliokuwa bado kwenye karai la tatu. Jiwe langu jeupe, la aina ileile iliyosagwa na wanafunzi wa miaka mingapi bila kutoa hata chembe, lilikuwa linang'aa njano. Nililitazama karai kwa sababu sikutaka kumtazama Msimamizi. Moyo uliniuma kuliko nilivyoumia nikifiwa na mume, na nasema hivyo bila aibu.

Yeye ndiye aliyesogea. Akachuchumaa karibu nami kama zamani, akatazama karai. Hakukasirika, kwani angemkasirikia nani? Jiwe? Hakuna aliyemtaja. Hakuna aliyemwambia anawe mikono mbele ya watu wake. Akasema polepole, mimi tu nisikie: "Mama Sayi, nilikufundisha kugeuza. Kwa nini hukugeuza?"

Akainuka, akapanda pikipiki ya kijana wake, akaondoka. Hatujaonana tena.

Mpaka leo sijui. Labda alitaka kuniingiza mjini uzeeni. Labda naye alipandikiziwa na waliomuuzia duara, akavipokea viroba hivyo kwa mtu mwingine anayemheshimu kama nilivyomheshimu yeye. Kuna siku naamini hivi, kuna siku naamini vile, na swali lake nalisikia kwa namna mbili. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema ufanye nini kama nguo yenyewe unaipenda.

Njiani kurudi nilimuuliza Minza kwa nini hakuniambia mapema. "Ungenikataza, Madam," akasema. Kisha akaongeza, "Na kama lingetoka tupu, nisingekuwa na haja ya kusema. Ungeuza nyumba, ningekupigia makofi." Nikamwambia wabeja. Nilitaka kusema zaidi, lakini mimi si mtu wa maneno mengi ya shukrani.

Siku hizi majirani wanajua nilifanya kazi chuoni, wanakuja kuniuliza kama wauze ng'ombe wampeleke mtoto. Bado nina mashaka na vyuo. Wapo wanaorudi na funguo na "kimsingi" tu, na nikiwaona najua ng'ombe ameliwa. Lakini lile jambo ambalo mimi na Msimamizi tulilikosa maisha yetu yote, namna ya kumshuku mtu mzima bila kumvua nguo, binti wa miaka ishirini na kitu alilipata darasani, kwa mkufunzi niliyemcheka. Huwa nawaambia wazazi: mpeleke. Akirudi, usimuulize amejua nini. Mpe kiroba chako, ukae uone atafanya nini.

Nyumba sikuuza. Kwenye maua kuna pengo pale lilipotoka lile jiwe, na Sayi kila akija huniambia nitafute jingine nizibe. Sitaki. Jioni nikimwagilia maji huwa nasimama hapo. Kila jiwe lililozunguka maua yale ni tupu, nimesaga kipande cha kila moja kwa mikono yangu, na kwa sababu ya mojawapo lisilo na kitu, mimi nina pa kulala.