Bango la mtu kamili wa Njombe na suti ya Baba Neema

Wakuu, kamwene.

Nasimulia kama ilivyokuwa, hata pale panaponionyesha sijui kazi. Elimu yangu darasa la saba, mnivumilie.

Mimi fundi cherehani, Njombe mjini. Rafiki yangu Chesko anachora mabango Makambako, nikamwomba anichoree la duka.

Akanionyesha kwenye simu ule mchoro wa zamani wa Italia: mwanaume ndani ya duara na mraba, mikono minne, miguu minne. Eti ndiyo vipimo vya mtu kamili.

"Ila yuko uchi, braza," akasema. "Kwa baridi ya Njombe huyu hafiki hata stendi. Nipe vipimo vya mtu wa huku."

Nikampa vya mteja wangu, Baba Neema. Nilikuwa namshonea suti ya harusi ya binti yake. Kitambaa walileta wakwe, kingine hakipo.

Bango likaja. Wakuu, nilicheka hadi nikaegemea cherehani. Jamaa kavaa gambuti jozi mbili na kofia ya sufu, mkono mmoja kiazi, mwingine parachichi. Tumbo limevuka duara!

Kwa haki, tumbo Chesko hakuliongeza. Alifuata vipimo vyangu.

Mama Neema akapita kuulizia suti. "Nani huyu?"

Nikashindwa kudanganya. "Vipimo vya mzee, mama."

Akaangalia weee. "Huyu ni mume wangu na masweta yake mawili!"

Hapo nikakumbuka. Siku ya kumpima kulikuwa na ukungu, nikaona haya kumvua mzee sweta. Nikapima juu kwa juu. Na kitambaa kilikuwa mezani, nimeshachora chaki, bado mkasi tu.

"Ungempeleka harusini kama gunia la viazi," akasema.

Mzee akaitwa, nikampima na shati tu, anatetemeka kwa baridi. "Fanya haraka fundi, nisije nikafia kwenye futi yako."

Suti ikamkaa vizuri mno. Nikajisifu kidogo.

Harusi ilikuwa Makambako, nami nikaalikwa, na ule upepo mnaujua. Baba Neema akavaa masweta yote mawili ndani. Kifungo cha koti kikagoma kufunga hadi mwisho wa sherehe.

Mama Neema akaninong'oneza, "Fundi, yule wa bangoni alikuwa na akili."

Nilichojifunza: kabla ya kumpima mtu, muulize atavaa nini ndani. Au nakosea?

Mafundi wa Makete na Mufindi, nyie mnapima juu ya sweta au chini yake? Jibuni nicheke na mimi, bango sijalishusha.