Kifua cha Dada Hakikufunguliwa

Mimi si mtu wa kuongea. Darasani hata nikiulizwa jibu ninalolijua, nainamisha kichwa. Ila ile Jumamosi kwa Bibi, kule Suma, niliongea mpaka mate yakanikauka.

Dada yangu alikuwa na tundu kwenye moyo. Akichuma chai, kikapu hakijafika hata nusu ameshakaa chini, anahema. Daktari wa Tukuyu alisema Dar wanaweza kuliziba. Baba akataka kwanza baraka za Bibi. Bibi akakataa.

"Kifua cha mtu hai hakifunguliwi," alisema, akimenya ndizi bila kututazama. "Wazee wetu walimpasua aliyekufa, waone kama amelogwa. Huyu mnamtafuta nini ndani? Mmeshamlilia kama maiti?"

Dada akaanza kulia. Siku daktari anatuchorea jinsi tundu linavyozibwa, Baba alikuwa nje anaongea na simu. Niliyeona ule mchoro ni mimi. Nikajikuta nimesimama.

"Bibi, hawafungui kifua! Wanapita hapa." Nikajigusa juu ya paja. "Wanatoboa kidogo tu kwenye mshipa, wanaingiza mpira mwembamba, wanausukuma taratibu mpaka kwenye moyo, huku wanauangalia kwenye skrini. Ndani ya huo mpira kuna kifuniko kimekunjwa kama mwavuli. Wakifika kwenye tundu wanakifungua, kinaziba, mpira wanautoa. Basi! Tena nchi nyingine roboti ndiyo inashika vifaa, daktari amekaa pembeni anaiendesha kama gemu!"

"Roboti ndiyo nani?"

"Mashine, Bibi. Ila ya Dada ni mikono ya daktari."

"Mashine isimguse."

"Haimgusi."

Kisu chake kikasimama. "Na kifua?"

"Kinabaki kizima."

Akamgeukia Baba. "Mbona wewe uliniambia anapasuliwa moyo?"

"Mama, hata mimi ndiyo nasikia leo."

"Mzee mzima! Haya, mpelekeni. Akirudi nitamkagua mwenyewe."

Dada amerudi jana kutoka Dar, tukaenda naye moja kwa moja kwa Bibi! Hata chai hajanywa, Bibi akamfungua vifungo jikoni, Baba akatolewa nje. Akampapasa kifua chote, taratibu, akasema, "Ndaga, ndaga," anashukuru, machozi yanamtoka. Halafu akaanza kutafuta alama kwenye paja. Hakuiona. Akaniagiza tochi.

"Bibi jamani, inatosha!" Dada alikuwa anacheka kwa nguvu, bila kuhema.

"Tulia wewe," Bibi akasema, ameinama na tochi. "Sasa hawa watu wameingilia wapi?"