Sisimizi wa Tairi la Kulia

Marselino alikwenda kuitazama trekta kabla hajanawa uso, heshima ambayo mkewe alisema yeye hajawahi kupewa tangu waoane. Tairi kubwa la nyuma, la upande wa kulia, lilikuwa limekaa chini tena. Halikuwa limelala kabisa. Lilikuwa limejilegeza tu, kama shemeji aliyeshiba ugenini, ubavu umemwagika nje.

"Umepeleka wapi upepo wangu?" akaliuliza.

Tairi likanyamaza, ingawa yeye hupenda kusema kwamba mashine zote humjibu.

Kama yuko mtu pale Rungwe Mpya asiyejua kwamba Marselino ndiye dereva wa trekta ya kikundi cha wakulima, basi mtu huyo amehamia jana, na kesho ataambiwa. Shule aliiacha darasa la tano, au darasa la tano ndilo lililomwacha yeye, habari zinatofautiana. Neno "sijui" alilirudisha siku hiyo hiyo pamoja na vitabu vya shule, na hajalitumia tena. Na tusimpunje: fundi ni fundi. Msimu wa mwaka juzi, tairi hilo hilo lilipotobolewa na miiba katikati ya shamba la watu, alichemsha uji mwepesi wa unga wa muhogo, akaupoza, akaumimina ndani ya mpira kupitia kwenye valvu. Uji ukayatafuta matundu wenyewe na kuyaziba. Shamba likaisha, mwenye shamba akampa jogoo. Hadithi ya uji ilisimuliwa miezi mitatu mfululizo, mpaka watu wakawa wanaimalizia kabla yake. Ndipo akaiacha, na kwa vile hakuisimulia tena, akaisahau.

Safari hii lakini hapakuwa na jogoo. Nasma, mwenyekiti wa kikundi, mwenye duka la mbegu na mbolea, alikuwa amekuja jana yake na kusema maneno machache. Jumatatu asubuhi trekta inatakiwa Heru Juu, watu wanaisubiri kwa mahindi na maharage, mvua ya kwanza imeshagonga mabati. Wiki mbili sasa kila safari inaanza kwa kuchelewa. Basi, kama Jumatatu hiyo tairi litakutwa chini, anamwita Niyonkuru, fundi na dereva wa Kakonko, aje alitengeneze, na akishalitengeneza atabaki hapo hapo kwenye kiti mpaka msimu uishe.

Marselino angevumilia kuambiwa lolote, hata kwamba amezeeka, lakini si Niyonkuru. Kwa wiki mbili hizo alikuwa akiwaeleza watu wote, kwa sauti ya kunong'ona inayofika barabarani, kwamba upepo ule hautoki wenyewe. Kuna mtu wa Kakonko mwenye kijicho, anatuma watu. Walipomuuliza anatuma nani, alitikisa kichwa kama anayelinda siri za serikali.

Leo ilikuwa Jumapili. Mkewe alijifunga kitenge akaenda kanisani, akimwambia atamwombea yeye, tairi lijiombee. Marselino akabaki na ndoo ya maji ya sabuni.

Alilipaka tairi lote povu, kuanzia juu hadi pale linapokanyaga, akatafuta bubujiko la upepo kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka. Hakuna. Valvu hakuipaka povu, kwa sababu valvu alikuwa ameipima kwa njia yake: unafungua kifuniko, unatema mate kwenye ncha ya kidole, unaziba mdomo wa valvu kwa mate hayo, unahesabu moja, mbili, tatu. Mate yakitulia, valvu ni nzima. Alikuwa ameifanya mara nne, na mara nne mate yalitulia.

Kilichomsumbua ni kitu kingine. Kwenye ukuta wa banda alikuwa ameandika kwa mkaa siku ambazo tairi liliamka chini. Zilikuwa karibu zote, isipokuwa Alhamisi na Ijumaa. Jumatano alikuwa amepita Kasulu mjini, wakamjazia upepo pale kituo cha mafuta. Siku mbili tairi likasimama imara kama askari wa gwaride. Ijumaa jioni akaliongezea kidogo kwa pampu yake ya mkono, kwa kulijali tu. Jumamosi likakaa chini.

Kwa nini upepo wa mjini ukae na wa Rungwe Mpya ukimbie? Alisimama mbele ya ule ukuta mpaka jua likamfikia mgongoni. Mtu mwingine angesema bahati. Marselino hakuamini bahati ya tairi moja.

Akachuchumaa kutazama upya, na hapo ndipo akawaona sisimizi.

Walikuwa wamepanga mstari kutoka nyasini, wamepanda kwenye mpira, wamepita kwenye chuma cha rimu, na wote walikuwa wanaelekea mahali pamoja: kwenye valvu, iliyokuwa upande wa chini, shubiri moja kutoka ardhini. Walikuwa wakiingia chini ya kifuniko na kutoka wakiwa na haraka ya watu waliopata.

Sasa, sisimizi hali upepo. Hili hata darasa la tano walilifundisha. Marselino akafungua kifuniko. Ndani yake kulikuwa na utando mweupe, mwembamba. Akaugusa, akaunusa. Harufu ile haina mgeni katika nyumba yoyote ya Kasulu: muhogo uliolowekwa siku nyingi.

Akabaki amechuchumaa, kifuniko mkononi, na uso wake ukaanza kubadilika polepole kama wa mtu anayekumbuka alipoacha ng'ombe.

Akatema mate kwenye kidole, akaziba mdomo wa valvu. Moja, mbili, tatu. Yametulia. Lakini safari hii hakuondoka. Alihesabu mpaka ishirini, akahesabu mpaka arobaini, na kwenye hamsini na kitu mate yakainuka katikati, yakavimba taratibu, yakawa tone la kioo ukubwa wa mbegu ya ulezi, likapasuka. Kisha likaanza lingine.

Yaliyobaki yalikuja yenyewe, moja likivuta jingine. Mpira wa pampu yake ni mfupi, na kiuno chake hakipendi kunyanyuka, kwa hiyo kila anapojaza upepo huisogeza trekta mpaka valvu ije chini, karibu na goti. Na uji wa mwaka juzi, ule ambao haukuganda, ulikuwa umekaa ndani ya tairi, chini kabisa, ukingoja. Kila alipounganisha pampu, kisindano cha ndani ya valvu kikifunguka, maji ya muhogo na chembe zake yanaingia mlangoni, na chembe moja ikishakaa pale, mlango haufungi sawasawa. Kule mjini mpira wa kompresa ni mrefu; walijaza valvu ikiwa juu. Alivyozidi kulijali tairi ndivyo alivyozidi kuliharibu.

Nasma alifika saa tano, akamkuta amekaa chini.

"Baba Tharsisi," akamwita kwa jina la mwanawe, "umeona nini?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Mtu wa Kakonko amemwaga kitu ndani ya valvu, harufu yake hii hapa, nusa mwenyewe. Lingeaminiwa, kazi ya kulitayarisha alikuwa ameshaifanya wiki mbili. Lakini Nasma alikuwa ameinama tayari, anawatazama sisimizi kwa macho ya mtu anayepima maharage, na harufu ile asingeikosa mtu aliyesikia hadithi ya jogoo mara kumi na tisa.

"Nimeuona uji wangu, mwenyekiti," akasema.

Nasma hakucheka mara moja. Alitoa simu kwenye mkoba, akafungua spika, akampa.

"Mwambie mwenyewe Niyonkuru asije. Na umwambie kwa nini."

Ilikuwa simu ndefu kuliko zote alizowahi kupiga, ingawa haikufika dakika tatu. Alianza na habari za nyumbani, akaenda kwenye mvua, akarudi kwenye habari za nyumbani, Nasma akakohoa, ndipo akasema. Marselino akajiandaa kusikia kicheko kitakachofika Kibondo bila kupanda gari.

"Kaka," Niyonkuru akasema, "uliuchuja?"

"Kuuchuja?"

"Uji. Mimi huuchuja kwa kitambaa kwanza. La sivyo chembe zinakaa kwenye valvu."

Hapo Nasma ndipo alipocheka, mpaka akashika trekta.

Walilinyanyua gurudumu kwa jeki, wakalizungusha valvu ikawa juu kabisa. Upepo wote ukatolewa. Marselino aliisafisha valvu kwa maji ya moto na unyoya wa kuku, na kisindano kipya akakipata kwa dereva wa bodaboda, kwa maana vya pikipiki na vya trekta ni vile vile, jambo ambalo alimweleza dereva huyo kana kwamba amelivumbua yeye. Kisha ikaja kazi ya kulijaza upya. Watu waliotoka kanisani walisimama kutazama, mkewe akiwa mbele, na hakuna aliyenyoosha mkono kwenye pampu, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa amesema uji una mwenyewe. Alipiga pampu mpaka jua likaegemea. Mara moja moja Nasma alimpelekea maji, akimuuliza kama angependa kikombe cha uji.

Jumatatu alfajiri alikwenda kulitazama. Alitema mate, akahesabu mpaka mia moja. Tairi lilikuwa limesimama. Sisimizi walikuja wakazunguka valvu, wakarudi walikotoka.

Alifika Heru Juu kabla umande haujakauka. Kabla hajazima injini apumzike, alisogea nyuma kidogo, akasogea mbele, akashuka kutazama, akapanda tena, mpaka valvu ikawa juu kama saa sita kamili. Wenye shamba wakamuuliza anafanya nini.

Akawaambia kuna ujuzi wa kuegesha trekta ambao mafundi wengi hawaujui, hata wale wa Kakonko.